Ufa Nilioupaka Rangi

Vijana wa gereji, mwezi uliopita mliniaga kwa keki, saa ya ukutani na fulana iliyoandikwa "Mstaafu" mgongoni, kana kwamba mtu akiniona kwa nyuma hatajua. Nashukuru. Saa inatembea vizuri, fulana mke wangu anaivaa shambani. Mliniomba pia niandike niliyoyaona kazini ili yasipotelee kijijini Endabash pamoja na mimi. Haya, nimeandika. Sitawaambia nilipanda cheo lini wala nani alinipandisha, hayo hayafungui nati. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na gari moja nililolikosea. Hilo gari ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa hiyo someni mpaka mwisho hata kama mikono yenu ina grisi.

Nilianzia Oldeani, kwenye karakana ya shamba la kahawa. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani, maana mama alisema mtu haendi kwa mwajiri kama anakwenda kuchimba viazi. Kufika saa sita mchana vilikuwa na matundu ya cheche, na kazi niliyokuwa nimepewa ilikuwa kufagia tu. Fundi wa kuchomelea pale aliitwa Mzee Gwandu, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mfupi, mkali, jicho moja jekundu siku zote. Tulimwita Ako, kama tunavyowaita wazee wetu. Aliviangalia viatu vyangu akasema, "Hivyo sasa ni vya kazini. Vya kanisani utafute vingine." Wiki nzima hakuniambia neno jingine.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa kuchomelea. Kilikuwa kutafuta ufa. Unasafisha chuma mpaka king'ae, unakipaka mafuta ya taa, unasubiri kidogo, unafuta kwa kitambaa kikavu, kisha unakisugua kwa chaki ya shule. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka polepole na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Jicho halikuwa limeuona, lakini upo. Ako alifanya hivyo kwa kila trela la kahawa kabla ya msimu wa mavuno, na ukimletea chuma ukasema ni kizima alikuwa na swali moja tu: "Umekiuliza?" Ukijibu umekiangalia, alikurudisha. Kwake yeye, kuangalia hakukuwa kuuliza.

Nilikaa naye miaka mingi, kisha nikashuka Karatu magari ya watalii yalipoanza kuwa mengi. Ninyi mmekuta kazi ile imezoeleka, lakini enzi zile ilikuwa inatushangaza wenyewe. Unachukua gari zima, zuri, unalikata katikati, unaongeza kipande ili liingie safu nyingine ya viti, unapasua paa ili mgeni asimame amwone simba. Chesisi, yaani mifupa ya chini ya gari, tuliiunganisha kwa pleti nene za chuma, tumezikata mraba, tumezichomelea pande zote nne kama mtu anayeziba sanduku la maiti. Karatu nzima tulifanya hivyo. Magari yalipanda kreta, yakaenda Sale na Oloipiri kwenye barabara za kutikisa meno, yakarudi. Hatukuvunjikiwa na hata moja. Basi tukajiona mainjinia.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, kwa hiyo naomba mnisikilize vizuri. Gari la watalii linabeba wageni sita na maboksi yao ya chakula, linakwenda taratibu, na dereva akiona shimo anasimama kuliamkia. Halirukishwi hata siku moja. Pleti zetu hazikuwa zimepona kwa sababu ya akili yetu, zilipona kwa sababu ya upole wa madereva. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani unene ndio nguvu.

Bosi wetu wa wakati ule alikuwa na ugonjwa wa mbio za magari. Kanda yetu ilikuwa na mashindano ya raundi tano kwa msimu, na timu za Arusha na Moshi ndizo zilizotamba. Siku moja akaniambia, "Baba Neema, tunajenga letu." Tukajenga. Jeupe, paa jekundu, kizimba cha mabomba ndani, matairi ya meno. Kubuni nilibuni mimi, kuanzia kichwani mpaka kwenye nati. Nyuma, pale shokapu zinaposhikwa kwenye chesisi, nikaweka pleti zangu za Karatu: nene, mraba, zimechomelewa pande zote nne. Nilipomaliza nilizipigapiga kwa kiganja kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Loo, nilijipenda siku ile.

Dereva alikuwa Elibariki, kijana wa Oldeani aliyejifunzia usukani kwenye trekta la shamba. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko dereva yeyote niliyewahi kumwona. Msomaji wake, yaani yule anayekaa pembeni na daftari akimwambia kona inayokuja ni kali au ni pole, alikuwa Veronika, mwalimu wa shule ya msingi. Watu walisema mwanamke hafai pale. Elibariki aliwajibu kwamba yeye amezoea kuamrishwa na walimu tangu darasa la kwanza na hakuna kilichobadilika.

Kwenye raundi ya kwanza mafundi wa Moshi walikuja kulizunguka gari letu. Mmoja akachungulia ndani akauliza, "Friji ya maji ya wazungu mmeiweka wapi?" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikacheka pia, kicheko cha nje. Kwa ndani maneno yale yaliniingia kama mwiba wa mgunga, na nataka mkumbuke hilo tutakapofika kwenye barua.

Sasa kanuni. Kabla ya raundi ya kwanza mkaguzi alipima gari, akapiga picha kila sehemu, akajaza fomu, na kufunga waya wenye kirisasi kidogo cha muhuri kwenye sehemu muhimu. Kuanzia hapo umbo la gari limefungwa mpaka msimu uishe. Kilichovunjika unaruhusiwa kukirudisha kilivyokuwa, kukibadilisha hapana. Kulikuwa na mlango mmoja tu. Fundi mkuu anaandika barua kwamba kitu fulani alichokibuni ni cha hatari, barua inasomwa mbele ya timu zote asubuhi ya raundi inayofuata, ndipo anaruhusiwa kukibadilisha. Gari linahesabiwa jipya na pointi zote za nyuma zinafutwa. Kali, eeh? Basi jueni kwamba sisi wa Karatu tulikuwa wa kwanza kuidai kanuni hiyo. Matajiri walikuwa wanaleta gari jingine kila raundi, wanajifunza kwa makosa yao katikati ya msimu, na sisi tulikuwa na moja tu. Tulipiga kelele, tukashinda, tukapigiana makofi.

Raundi ya kwanza tulishika nafasi ya pili. Ya pili tukashinda. Karatu ilipiga honi tangu mizani mpaka sokoni. Jumatatu yake nikaliinua gari kwa jeki, nikasafisha chini, nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikasugua chaki. Ulitokea mstari mweusi, mwembamba, urefu wa ukucha, upande wa kushoto. Haukuwa kwenye pleti. Ulikuwa kwenye chesisi, pale pale pembeni pleti inapoishia. Nikaangalia huku na huku kama mwizi wa kuku.

Nilielewa papo hapo, na ndilo somo la pekee la ufundi nitakalowaachia. Gari likiruka na kutua, chesisi inataka kupinda kidogo mahali pote. Ukiibandika pleti nene ya mraba, pale kwenye pleti haipindi kabisa, kwa hiyo kupinda kote kunakwenda kukaa ukingoni. Na ukiwa umechomelea kukatisha chesisi kutoka juu mpaka chini, umekichorea chuma mstari wa kukatikia. Pleti ikatwe ncha kama kichwa cha mkuki, ichomelewe kwa urefu, ncha ziachwe bila moto, na isiwe nene kuliko chesisi yenyewe. Siku hizi mnakata hivyo bila kufikiri kwa sababu mimi niliwapigia kelele. Mliniuliza nilijifunzia wapi, nikawaambia kwenye semina Arusha. Hapakuwa na semina.

Nilimwonyesha bosi. Akachuchumaa, akatazama ule mstari muda mrefu. "Wewe ndiye fundi mkuu," akasema. "Ukiandika barua nitasaini. Usipoandika sitakuuliza." Mtu wa kunilazimisha hakuwepo, nalisema hilo ili msije mkanitafutia wa kumlaumu.

Barua niliiandika. Ilikuwa na mistari mitatu: mimi Paskali Tluway nilibuni pleti za nyuma, nimekosea, ni za hatari. Niliikunja nikaiweka mfuko wa shati. Nikaanza kuwaza itakavyosomwa mbele ya wale wa Moshi. Nikaiona ile midomo. "Si tuliwaambia ni fundi wa magari ya watalii!" Nilijiambia nafikiria pointi za Elibariki, kijana anaongoza msimu, nitamnyang'anyaje ushindi aliopigania kwa mikono yake? Maneno mazuri hayo, na ni uongo mtupu. Nilikuwa nafikiria jina langu. Barua ilikaa mfukoni mpaka mke wangu alipofua lile shati, ikawa uji.

Nilichofanya kiliruhusiwa na kanuni. Niliusaga ule ufa kwa grainda, nikaujaza kwa moto wa kuchomelea, nikasawazisha, nikapaka rangi nyeusi. Kilirudi kilivyokuwa. Mkaguzi alikuja, akalinganisha na picha yake, akaona waya wake mzima, akatia tiki. Baada ya raundi ya tatu ufa ulirudi, mara hii urefu wa kidole. Nikaujaza tena, nikapaka rangi tena. Baada ya raundi ya nne ikawa vilevile. Kila moto unaoongeza mahali pale unakichosha chuma zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wenzangu hivyo kila siku. Ile methali ya ufa na ukuta mnayoifikiria sasa, tafadhali, bakini nayo. Nimejisomea mwenyewe ya kutosha.

Kabla ya raundi ya tano nilifanya jambo baya kuliko yote, nalo ni kwamba sikufanya kitu. Chaki ilikuwa kwenye sanduku, mafuta ya taa yalikuwepo, muda ulikuwepo. Sikukiuliza chuma, maana jibu nililijua. Nilipiga rangi tu juu juu ili ing'ae.

Asubuhi ya raundi ile Elibariki alikuja ameshika kofia mkononi. Tulikuwa tunaongoza, na ilikuwa njia ya nyumbani: mashamba ya kahawa ya Oldeani, kisha mteremko wa mawe wa kwenda Mang'ola. Aliinama akatazama chini ya gari, ingawa huko chini hakujua chochote, akaniuliza, "Baba Neema, gari iko sawa?"

"Panda, baba," nikamjibu. "Iko kama siku ya kwanza."

Akanipa mkono, akapanda.

Kwenye mteremko wa Mang'ola, kona ya tatu, gari lilipinduka mara tatu. Nilifika na gari la huduma vumbi likiwa bado halijatulia. Veronika alikuwa ameketi kando ya barabara ameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, anaita, "Eli! Eli!" Elibariki alikuwa anaongea vizuri kabisa, tena anatuomba radhi. Aliniambia, "Baba Neema, nisamehe, nimelivunja gari lako." Kisha akasema, "Mbona sisikii miguu?" Hajaisikia mpaka leo.

Pale konani kulikuwa na jiwe kubwa lenye alama ya rangi ya gari. Wakaguzi walilipiga picha, wakaandika kwamba dereva alikata kona mno, akapiga jiwe, mhimili wa nyuma ukang'oka. Elibariki mwenyewe akakubali. Alisema alisikia mshindo nyuma, gari likamkataa, lazima lilikuwa jiwe. Mimi nilikuwa nimeshachuchumaa nyuma ya gari. Chesisi ilikuwa imekatika kwenye ukingo wa pleti ya kushoto. Chuma kilichokatika siku hiyo hung'aa kama fedha. Kile kilikuwa kinang'aa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi, imeota kutu, na ndani kabisa kulikuwa na rangi yangu. Gari lilipoletwa gereji nilikikata kile kipande nikakificha chini kabisa ndani ya sanduku langu la spana. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema.

Miaka tisa sasa. Ile baiskeli ya magurudumu matatu anayoiendesha Elibariki kwa mikono niliijenga mimi, pleti zake zote zina ncha ya mkuki. Kila ikilegea ananipigia, nakwenda, na kila nikimaliza ananiambia, "Fundi wangu, wewe hukunitupa." Ana duka dogo la mbegu za vitunguu sasa. Kila mavuno humpelekea Veronika gunia la maharage, kumwomba radhi kwa ule mkono. Veronika anaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Nyie fikirieni mimi nilikuwa nakula nini kikashuka.

Nisingesema hata sasa, nakiri. Lakini siku ya kuniaga mlimwalika na yeye, mkampa nafasi ya kuzungumza. Mnakumbuka alichosema? "Huyu mzee alinijengea gari la ushindi. Mimi ndiye nililiua kwenye jiwe, kwa haraka zangu." Mkapiga makofi, mkamsifu kwa ujasiri wa kukiri kosa. Nami nilikuwa nimekaa mbele na kipande cha keki mdomoni. Nilimwona Ako ananitazama na lile jicho lake jekundu, na safari hii alikuwa ananiuliza mimi, si chuma.

Alhamisi iliyopita nikakitoa kile kipande chini ya spana, nikakifunga kwenye kitambaa, nikaenda kwake. Mkewe, Mama Samweli, alinikaribisha chai, akarudi jikoni. Nikakifungua juu ya meza ya duka, kati ya mizani na makopo ya mbegu. Nikamweleza yote kama nilivyowaandikia hapa: pleti, mstari wa chaki, barua, rangi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kupigwa, mikono yake ina nguvu kweli.

Alikichukua chuma, akapitisha kidole gumba pale panapong'aa, kisha pale peusi.

"Hapa peusi ni pa zamani?"

"Pa zamani. Chesisi ilikuwa imekatika nusu kabla hujapanda."

"Na jiwe?"

"Jiwe mlilipiga wakati gari limeshapinduka. Rangi iliyobaki kwenye lile jiwe ilikuwa nyekundu, Eli. Nyekundu ilikuwa paa tu."

Alikiweka chuma mezani. Halafu akaita kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu enzi za mashindano. "Mama Samweli! Njoo! Acha hiyo chai, njoo!" Mkewe akatoka anajifuta mikono kwa khanga, ameshtuka. "Baba Neema, sema tena," Elibariki akaniambia. "Sema kilivyosema chuma."

Nikasema tena. Ilikuwa ngumu kuliko mara ya kwanza, maana huyu mama ndiye anayemgeuza kitandani.

"Unasikia?" Elibariki alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anaupigapiga mkono wa mkewe. "Sikuligonga! Jamani, mimi sikuligonga lile jiwe! Nilipita kona yangu vizuri!"

Mama Samweli hakucheka. Alinitazama mimi. "Miaka tisa, Baba Neema?" akasema. "Miaka tisa unakunywa chai yangu?"

Elibariki hata hakumsikia. Alikuwa ameshachukua simu, anabonyeza, ameweka sauti ya nje. Tulisikia watoto wa shule wakiimba hesabu, kisha sauti ya Veronika ikisema yuko darasani, kuna nini, kuna msiba?

"Hakuna msiba, mwalimu. Toka nje kidogo. Niko na fundi hapa."

Tukasikia mlango, kisha upepo. Elibariki akaisogeza simu mpaka karibu na mdomo wangu. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, kama ulivyokuwa kwenye usukani.

"Haya, Baba Neema. Mwambie na Vero."

Nikaanzia kwenye pleti.